Maradhi ya tumbo: Tutafute chanzo, tusitafute mchawi



Ndugu Waislamu, wiki hii nataka tuzungumze juu ya tumbo. Huenda wapo watakaoona kuwa hilo ni jambo dogo, lisilostahiki nafasi katika ukurasa huu. Lakini mwenye tumbo linalomrudia kila baada ya wiki mbili, mara linauma, mara linajaa gesi, mara linaharisha, anajua kuwa si jambo dogo. Hali vizuri, halali vizuri, na hata katika swala khushui humtoka. Zaidi ya hayo, mimi nimeshuhudia tumbo la mtu mmoja likivunja ukoo mzima. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

KISA CHA DEREVA

Mtaani kwetu palikuwa na ndugu mmoja, dereva wa lori, mtu wa swala tano na mkono wake mwepesi katika kutoa. Kwa takriban miaka mitatu alisumbuliwa na maumivu chini ya chembe cha moyo. Yanakuja, yanatulia, kisha yanarudi. Usiku humwamsha akakaa kitandani ameshika tumbo.

Alianzia zahanati. Akapimwa damu, akaambiwa ana taifodi. Akapewa dawa, akapata nafuu kidogo. Baada ya miezi miwili akarudi, taifodi tena. Katika mwaka mmoja aliambiwa ana taifodi mara nne, na hakuna hata mara moja aliyokuwa na homa. Alipochoka akaenda duka la dawa, akaambiwa ni gesi, akapewa vidonge vya kutafuna. Mwenzake wa safari akamwambia ni vidonda vya tumbo, aache pilipili, maharage na ndimu. Akaacha vyote, tumbo halikuacha. Kisha akauziwa chupa tatu za dawa ya miti shamba, kila moja kwa bei ya kulisha familia yake wiki nzima.

Mwisho akapelekwa kwa mtu anayejiita sheikh, ana kitabu na tasbihi. Mtu yule hakumuuliza anakula nini wala anatumia dawa gani. Alimuuliza jina la mama yake. Kisha akamwambia kuwa amelishwa kitu katika chakula, na aliyemlisha ni mwanamke mtu mzima, wa ndani ya ukoo, anayeishi karibu.

Maelezo kama hayo yanamwenea nani asiyekuwa na ndugu? Ndugu yetu alikuwa na mama yake mkubwa, mjane, aliyemlea tangu alipofiwa na mama yake mzazi. Alikuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka kwake, na kila Ramadhani alikuwa akimpelekea futari. Basi futari ile ndiyo ikawa ushahidi. Tangu siku ile salamu zikakatika. Watoto wakakatazwa kukanyaga kwa bibi yao. Katika harusi moja wanawake waliinuka kwenye mkeka aliokaa yule mama.

Na mimi nilikuwepo barazani siku jambo lile lilipoelezwa kwa mara ya kwanza. Ndugu yetu alinigeukia akaniuliza, "Sheikh, waonaje, si ndilo hilo?" Nikamjibu, "Allahu aalam, dunia ina mambo." Nilidhani nimesema maneno ya tahadhari. Yeye aliyasikia kuwa ni ndiyo. Sikumwambia kuwa hakuna ushahidi. Sikumwambia kuwa ni haramu kumtuhumu mama yake kwa maneno ya mpiga ramli. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa fatwa.

Haukupita mwaka, ndugu yetu akatapika damu njiani. Akakimbizwa hospitali, akawekewa damu. Daktari aliyempokea alikuwa kijana, lakini alikaa naye akamuuliza maswali mengi. Akamuuliza, "Unatumia dawa gani?" Akajibu hatumii dawa yoyote. Daktari akauliza mara ya pili, "Hata za mgongo? Hata za kichwa?" Hapo akacheka, akasema, "Ah, zile za mgongo. Zile si dawa, natumia tu nikiendesha." Kumbe kwa miaka yote ile alikuwa akimeza diklofenaki mbili, na siku za safari ndefu tatu au nne, anazonunua dukani bila ya cheti. Akapitishiwa mpira wenye kamera mpaka tumboni, kikaonekana kidonda. Alipopimwa, akakutwa pia na bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo. Akapewa dawa za siku 14, akaachishwa vile vidonge vya mgongo. Leo miaka imepita, tumbo limetulia, Alhamdulillah.

Lakini mama yake mkubwa hakuwepo kusikia habari hiyo. Alifariki miezi minne kabla yake. Ndugu yetu alikwenda kuzika, akatupa udongo kama watu wengine, akarudi nyumbani. Kuomba radhi hakuwahi.

DINI INATAKA UCHUNGUZI

Ndugu Waislamu, kosa la ndugu yetu halikuwa kuugua, wala halikuwa kutafuta dawa. Kutafuta dawa ni jambo lililoamrishwa. Usama bin Sharik (r.a.) amesimulia kuwa mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaambia wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameweka dawa yake, isipokuwa maradhi mamoja tu, nayo ni uzee (Abu Dawud na Tirmidhi). Kosa lilikuwa ni kuruka kutoka kwenye maumivu mpaka kwenye hukumu bila ya kupita kwenye uchunguzi.

Mwenyezi Mungu ametukataza kufuata jambo tusilokuwa na ujuzi nalo, na akatujulisha kuwa masikio, macho na nyoyo zitakuja kuulizwa (17:36). Ametuamrisha tuepuke dhana nyingi kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi (49:12). Na akituletea habari mtu fasiki, tumeamrishwa tuhakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta kwa tuliyoyatenda (49:6). Tazama aya hii ilivyomwenea mpiga ramli na aliyempelekea sikio lake. Majuto iliyoyataja ndiyo yale yale aliyobaki nayo ndugu yetu juu ya kaburi.

Imepokewa kwa Jabir (r.a.) kuwa Maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe kichwani akajeruhiwa. Usiku akaota akawa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawaoni ruhusa kwake maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akasema kuwa wamemuua, na akahoji kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwa sababu dawa ya kutojua ni kuuliza (Abu Dawud).

Tuizingatie hadithi hii sisi tunaovaa kanzu na kukaa mbele za watu. Wale hawakuwa waongo wala matapeli. Walikuwa watu wema waliotoa jibu katika jambo wasilolijua, na jibu lao likaua. Siku ile barazani mimi nilikuwa mmoja wao.

SOMO LA ASALI

Wapo watakaosema, mbona Mtume (s.a.w.) alimtibu mwenye tumbo kwa asali, na wala hakumpima? Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim kwa mapokezi ya Abu Said al-Khudri (r.a.). Mtu alikuja kumlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa ndugu yake anaumwa na tumbo. Akaambiwa amnyweshe asali. Akarudi akasema amemnywesha, kuharisha kumezidi. Akaambiwa tena amnyweshe asali. Akarudi tena na tena, mpaka Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa Mwenyezi Mungu amesema kweli na tumbo la ndugu yake ndilo lililosema uongo. Akamnywesha, akapona.

Watu wengi huishia hapo, wakafungua duka. Lakini wanazuoni hawakuishia hapo. Imam Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, katika kitabu chake Zad al-Ma'ad ameeleza kuwa ugonjwa wa yule mtu ulitokana na tumbo kujaa na chakula kutosagika, kwa hiyo alihitaji kitu cha kusafisha, na asali ilikuwa inalingana na ugonjwa ule. Kurudiarudia kulikuwa na maana pia, kwani dawa ina kipimo chake. Ikipungua haiondoi maradhi, ikizidi huudhi mwili. Na katika kitabu hicho hicho ametaja mambo ishirini ambayo tabibu hodari hana budi kuyaangalia. La kwanza ni aina ya maradhi. La pili ni sababu yake. Dawa inakuja baadaye kabisa.

Hayo yanaafikiana na hadithi aliyoipokea Jabir (r.a.) katika Sahih Muslim, kuwa kila ugonjwa una dawa, na dawa ikiupata ugonjwa mtu hupona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Neno la kuzingatia hapo ni kuupata. Dawa nzuri iliyopelekwa kwenye ugonjwa sio wake haiupati. Asali ni ponyo kama ilivyotajwa katika Suratun Nahl, na habbat sawda ina fadhila zake. Lakini asali haitaondoa diklofenaki inayomezwa kila siku.

Na miongoni mwa waliolielewa somo hili walikuwa Waislamu. Tabibu Abu Bakr al-Razi, aliyeishi kati ya karne ya 9 na ya 10 Miladia, alitunga kitabu maalumu cha kupambanua ndui na surua, maradhi mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya kwa kuwa yote yana homa na vipele. Hizo ndizo zilizokuwa mila za tiba ya Kiislamu, kupambanua kabla ya kutibu. Leo tumebaki na jina la tiba hiyo juu ya vibao vya maduka, kupambanua kwenyewe tumekuacha.

HATA WATAALAMU WALIDHANI

Tusidhani kuwa kudhani ni ugonjwa wa wasiosoma peke yao. Kwa miaka mingi madaktari wa dunia nzima waliamini kuwa vidonda vya tumbo vinatokana na mawazo, vyakula vikali na wingi wa tindikali. Wagonjwa wakaambiwa wapumzike, wanywe maziwa, waache pilipili. Wengine walikatwa sehemu ya tumbo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wawili wa mji wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waliwaona bakteria wadogo wenye umbo la kujizungusha ndani ya matumbo ya wagonjwa. Leo bakteria hao wanaitwa Helicobacter pylori. Wenzao hawakuwaamini, kwani ilijulikana kuwa hakuna kiumbe kinachoweza kuishi katika tindikali ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall akanywa kimiminika chenye bakteria hao. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na alipochunguzwa kwa kamera tumbo lake likakutwa limevimba. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Sisemi tuige kunywa bakteria. Ninachosema ni kwamba watu wale hawakuridhika na neno "wanasema". Walitaka kuona. Na amri ya kutazama na kuzingatia imejaa katika Qur'an kuliko tunavyoifanyia kazi.

VYANZO VINAVYOJIFICHA

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Tumbo lina milango mingi ya kuingilia maradhi, na dalili zake hufanana. Nitataja baadhi ya vyanzo, si kwa ajili ya mtu kujitibu, bali ajue nini cha kumweleza daktari na nini cha kumuuliza.

Kwanza, ni bakteria hao wa vidonda. Wanakisiwa kuwamo katika takriban nusu ya watu wa dunia, na wengi wao hawaumwi. Kwa hiyo kuwa nao peke yake si hoja, lazima dalili zitazamwe. Vipo vipimo vya choo, vya pumzi na vya kuchukua nyama kidogo kwa kamera. Kipimo cha damu kina upungufu, kwani huweza kuonyesha maambukizo ya zamani yaliyokwisha. Na aliyetoka kunywa omeprazo au antibaotiki amwambie daktari kabla ya kupima, maana dawa hizo huwaficha bakteria wakaonekana kama hawapo. Tiba yake ni dawa kadhaa kwa pamoja, na anayeacha katikati kwa kuwa ameona nafuu anawafundisha bakteria kuizoea dawa.

Pili, ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo. Wabeba mizigo, madereva, mafundi na wazee wenye magoti ndio walaji wakubwa, na wengi kama ndugu yetu hawazihesabu kuwa ni dawa.

Tatu, ni hiyo taifodi ya kila mwezi. Taifodi ipo na inaua, na aghlabu huja na homa kali isiyoachia. Lakini kipimo cha Widal, kilichogunduliwa tangu mwaka 1896, hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta alama alizoziacha katika damu. Alama hizo huweza kuwepo kwa sababu ya ugonjwa wa zamani au maambukizo mengine. Anayeambiwa ana taifodi mara nne kwa mwaka bila ya homa ana haki ya kuuliza kama kipo kipimo kingine, mathalani kuotesha vimelea vya damu.

Nne, ni minyoo, amiba na kichocho. Ndugu zetu wa kandokando ya Ziwa Victoria, wavuvi na wanaochota na kuoga ziwani, wanapatwa na kichocho cha matumbo, ambacho huleta maumivu, choo chenye damu na hatimaye huharibu ini. Huku pwani na visiwani kinachojulikana zaidi ni kile cha mkojo. Mtu aliyehamia Dar es Salaam kutoka Mwanza au Ukerewe amueleze daktari alikotoka, kwa sababu maji ya utotoni huenda ndiyo yanayomuuma leo.

Tano, ni maziwa. Sehemu kubwa ya watu wazima, hasa Waafrika na Waasia, miili yao haisagi vizuri sukari ya maziwa mabichi. Wakinywa, tumbo hujaa na kuharisha. Ajabu ni kwamba mwenye tumbo akishaambiwa ni vidonda huongezewa maziwa! Wengi wa watu hawa huvumilia mtindi kuliko maziwa ya chai.

Sita, ni namna ya kula kwenyewe. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwanadamu hajazi chombo kibaya kuliko tumbo lake, na akishindwa kabisa basi afanye theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi (Tirmidhi). Anayekula shibe ya usiku wa manane na kulala papo hapo asishangae kiungulia kikimpanda kooni.

Saba, ni wasiwasi wa moyo. Yapo matumbo yanayouma na kuharisha kila mtu anapokuwa na dhiki, na vipimo vyote vikatoka safi. Mtu huyu si mwongo wala hajifanyi. Utumbo wake unasikia zaidi ya wengine, na anastahiki kutibiwa.

Pamoja na haya zipo dalili ambazo haifai kuzisubiri hata siku moja. Nazo ni kutapika damu, choo cheusi chenye kunata kama lami, kukonda bila ya sababu, kushindwa kumeza, upungufu wa damu, na tumbo lililoanza kusumbua ukubwani kwa mtu ambaye halikuwa likimsumbua. Mwenye kisukari au presha akisikia maumivu ya ghafla chembe cha moyo pamoja na jasho na kukosa pumzi, akimbilie hospitali, kwani huenda si tumbo, ni moyo. Mficha maradhi kilio humuumbua.

DAFTARI LA SHILINGI CHACHE

Njia moja nyepesi ya kutafuta chanzo ni daftari. Kwa wiki mbili mtu aandike kila siku amekula nini na saa ngapi, amemeza kidonge gani hata kama ni cha kichwa, maumivu yalikuja saa ngapi, yalikaa wapi, choo kilikuwaje, na siku hiyo alikuwa na dhiki gani. Asiache kitu kwa kuona ni kidogo. Kisha alichukue daftari lake aende nalo kwa daktari. Dakika kumi za daktari mwenye karatasi ile zina faida kuliko miezi sita ya kubahatisha.

Na akitaka kujaribu kuacha chakula, aache kimoja kimoja, si vyote kwa pamoja. Akiacha maziwa wiki mbili na tumbo likatulia, kisha akiyarudia likachafuka, amepata jambo. Lakini anayeacha maharage, ndimu, maziwa na pilipili kwa siku moja, hata akipata nafuu hatajua nini kilichomdhuru.

Sisi Waislamu hatukupaswa kuona ugeni katika jambo hili. Tumefundishwa kuzihesabu nafsi zetu kabla hazijahesabiwa. Anayeweza kukaa jioni akajiuliza ulimi wake umesema nini leo, hashindwi kujiuliza mdomo wake umeingiza nini.

JE, HATUAMINI UCHAWI?

Hapa nitaulizwa, kwani Sheikh unakanusha majini na uchawi? La hasha. Uchawi umetajwa katika Qur'an (2:102), na ruqya ya Qur'an na dua zilizothibiti ni Sunna. Mgonjwa asomewe, na asomewe hata akiwa juu ya kitanda cha hospitali. Lakini ruqya haihitaji mtuhumiwa. Suratul Fatiha haiulizi jina la jirani. Pale msomaji anapoanza kumtaja mwanamke mtu mzima wa karibu, ametoka katika ruqya ameingia katika ramli. Na aliyemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arubaini, kama ilivyo katika Sahih Muslim.

Tena tutazame mwenendo wa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Imo katika Bukhari kwa mapokezi ya Bibi Aisha (r.a.) kuwa aliporogwa na Labid bin al-A'sam, alijulishwa kwa wahyi jina la mtu na mahali ulipowekwa uchawi. Hakuwa na dhana, alikuwa na yakini kutoka kwa Mola wake. Pamoja na hayo, Bibi Aisha alipomuuliza kuhusu kuitoa habari ile hadharani, alisema kuwa Mwenyezi Mungu amekwisha kumponya na hapendi kuwachochea watu shari. Ikiwa mwenye wahyi aliogopa kuwachochea watu, sisi tusio na wahyi tunapata wapi ujasiri wa kuwainua watu kwenye mkeka?

WAJIBU WETU

Kwa wauza dawa, ziwe za dukani au za asili, wakumbuke hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuwa mwenye kujifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta (Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah). Kuandika neno Sunna juu ya chupa hakumuondolei mtu dhamana hiyo.

Kwa maimamu wenzangu, tujifunze kusema maneno mawili: "Sijui" na "Nenda ukapimwe". Baada ya hayo ndiyo tusome dua. Mgonjwa anapotujia, kabla ya kumuuliza ndoto zake tumuulize anameza nini.

Kwa kamati za misikiti, tukubali kuwa wengi hawaendi kupima kwa sababu hawana fedha, si kwa sababu wanapenda ramli. Mwaka 2011 watu wa kila dini walimiminika Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha shilingi 500. Wengi wao walikuwa maskini waliochoshwa na gharama na maumivu. Masikini ana fungu lake katika zaka. Kumlipia kipimo cha choo na nauli ya kwenda hospitali ni sadaka inayomlinda yeye, na pia inawalinda jamaa zake wasituhumiwe.

Na kwa mwenye maradhi ya tumbo, Ramadhani inapokaribia aende kwa daktari mapema. Wapo wanaoweza kufunga wakibadilishiwa saa za dawa, na wapo ambao kufunga kutawadhuru. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine (2:185), na hakutaka kwetu uzito. Anayetapika damu huku amefunga kwa kuona haya watu watasemaje, hakumtii Mola wake katika ruhusa Yake.

MWISHO

Ndugu yetu dereva alinijia baada ya kupona. Hakuja kwa ajili ya tumbo. Aliniuliza, "Sheikh, nifanyeje kwa mama mkubwa?" Safari hii sikumwambia dunia ina mambo. Nilimwambia kuwa Mtume (s.a.w.) amemweka mama mkubwa na mama mdogo katika daraja ya mama mzazi, kama ilivyo katika Bukhari, kwa hiyo deni lake ni zito. Nikamwambia atubu kwa Mola wake kwa kukata udugu na kumtuhumu asiye na hatia. Ajifunze kutokana na yale aliyoulizwa Mtume (s.a.w.) kuhusu wema kwa wazazi baada ya kufa kwao: kuwaombea dua na msamaha, kutekeleza ahadi zao, kuunga udugu unaopitia kwao na kuwakirimu marafiki zao (Abu Dawud). Amtolee sadaka. Na kwa kuwa alimtuhumu hadharani, amsafishe hadharani.

Akafanya. Ijumaa moja baada ya swala alisimama msikitini, mtu mzima, akasema mbele ya watu kuwa mama yake mkubwa hakumlisha ila chakula cha halali, na kwamba aliyemdhuru ni yeye mwenyewe kwa mkono wake. Alipomaliza nikasimama na mimi, nikasema kuwa nilikuwepo na nilinyamaza. Tukamuombea marehemu. Sasa watoto wa yule mama na watoto wake wanakula sahani moja siku ya Idi. Haki ya marehemu iliyobaki, tunamwachia Yule asiyepotewa na haki ya mtu.

Basi wewe unayesoma, ukiwa na tumbo linalokusumbua na jina la mtu linalokuzunguka moyoni, liweke jina hilo chini. Chukua daftari na kalamu, na kesho asubuhi, Insha-Allah, nenda ukapimwe. Na kama mtu huyo yu hai, pita kwake kwanza umpe salamu, kwa sababu hujui nani kati yenu atatangulia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awasamehe tuliowadhulumu wakafa kabla hatujawaomba radhi, na atupe ujuzi wenye manufaa na ndimi zenye hadhari. Amin.

Wabillahi tawfiq.